Wenzo wa Mtu Mmoja: Historia Fupi ya Kupindua Mashua Nzito

Wahenga wametuachia usemi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi walimu huufundisha usemi huu darasani mwaka hata mwaka, na wanafunzi huukariri bila ubishi. Hata hivyo, yuko mtu mmoja ambaye usemi huu haumfai kitu: ni mvuvi aliyebaki peke yake ufukoni, mashua yake inavuja, mwenzake ni mgonjwa, na jua linakaribia kutua. Hana budi aipindue mashua ili aizibe. Madhumuni ya makala haya ni kumtazama mtu huyo kwa jicho la historia, tukianzia hapa kwetu Bulembia.

Huenda msomaji akashangaa, kwani Bulembia haina ziwa. Ni bonde la Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, na watu wengi hulijua kwa sababu ya shaba, ambayo uchimbaji wake mkubwa ulianza mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese. Lakini mto Nyamwamba upitao bondeni humu hushuka hadi Kasese, ukaishia katika Ziwa George. Huko viko vijiji vya wavuvi, kama Hamukungu na Kahendero, na samaki wao, hasa ngege, ni kitoweo cha watu wa milimani. Hivyo mashua iliyoharibika kule chini ni sufuria tupu huku juu.

Historia iliyoandikwa inazo habari za mashua nzito katika nchi hii, lakini ni habari za watu wengi. Mwaka 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua iitwayo Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyoundwa kwa vipande ili iweze kuchukuliwa mabegani. Vipande vyenyewe vilipoonekana kuwa vizito mno, ilibidi vipunguzwe kabla ya safari kuanza. Wapagazi waliibeba bara, ikaelea katika Ziwa Victoria mwaka 1875. Mwezi Januari mwaka 1876 ililetwa hata kwenye genge lililo juu ya maji ambayo leo twayaita Ziwa George; yeye mwenyewe alidhani ni sehemu ya Ziwa Albert. Wenyeji hawakumtaka, na wale Waganda waliomsindikiza hawakuwa tayari kukaa. Basi akageuka na watu wake, na mashua ile haikuyagusa maji hayo kamwe.

Tunajifunza nini hapa? Kwamba Stanley aliushinda uzito kwa kuugawanya baina ya migongo ya watu. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Pwani nayo inaijua sana: chombo kikipandishwa nchi kavu ili kitiwe kalafati na deheni, watu hujipanga, mmoja hutoa sauti, wengine huitikia na kuvuta kwa pamoja. Ukelele wa harambee ulikuwa ni wa kazi za namna hiyo kabla haujawa wito wa taifa la Kenya mwaka 1963.

Njia ya pili ni ya yule asiye na watu. Yeye hawezi kuugawanya uzito kwa migongo, basi huugawanya kwa muda.

Tuchukue mfano. Tuseme mashua ya mbao ina uzito wa kilo 300. Mvuvi huitoa maji yote, makasia, nyavu na mbao za kukalia. Huchimba mchanga upande mmoja, mashua ikajilaza yenyewe kwa ubavu, ukingo wake ukaegemea shimoni. Maana mchanga ukitumiwa kwa akili ni kibarua asiyelipwa. Kisha huchukua mti mgumu wa mita 3, akausukuma chini ya ubavu wa pili, na kuweka jiwe liwe egemeo, sentimita 30 tu kutoka kwenye mzigo. Kwa kuwa upande mmoja wa mashua umebebwa na ardhi, mwanzoni anainua takriban nusu ya uzito, yaani kilo 150. Mkono wa wenzo upande wake ni mara tisa ya ule wa upande wa mzigo. Basi jitihada inayotakiwa ni kama kilo 17, ambazo hata kijana wa shule huziweza.

Lakini hakuna cha bure. Mkono ukishuka sentimita 90, mashua hupanda sentimita 10 tu. Kwa hiyo kila mara huinua kidogo, akatia gogo chini, akainua egemeo, akaanza tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Mashua ikifika kimo cha kiuno, wenzo hukosa nafasi. Hapo kamba huchukua zamu. Hufungwa maradufu kati ya mashua na kigingi imara, kijiti kikatiwa katikati na kuzungushwa. Kamba husokoteka, ikafupika, na mashua ikavutwa. Sasa ndipo penye hatari, kwani uzito ukishavuka katikati, mashua haivutwi tena, bali huanguka. Ubao unaweza kupasuka, au mguu wa mtu kuvunjika pasipo na wa kumsaidia. Kwa sababu hiyo mwenye busara hutangulia kufunga kamba ya pili upande wa nyuma, akaizungusha mara mbili tatu kwenye mti ili ailegeze polepole, na upande wa kuangukia hutandika mafunjo na majani. Tena humaliza mapema, kwani usiku viboko hupanda nchi kavu kula majani, na ufuko huwa ni wao.

Ndugu walimu, lugha yetu imeyahifadhi maarifa haya kuliko vitabu vya historia. Neno wenzo, ambalo wingi wake ni nyenzo, lilielezwa katika kamusi za zamani kuwa ni mti au gogo la kuinulia na kusogezea kitu kizito, kama vile chombo kinachopandishwa pwani. Leo twasema nyenzo za kazi na nyenzo za kufundishia, nasi tumeusahau ufuko neno lilikotoka.

Mafuriko ya Nyamwamba ya mwaka 2013, na tena ya mwaka 2020, yalishusha mawe makubwa katika bonde la Kilembe, mpaka penye nyumba na hospitali. Mbele ya jiwe kama hilo elimu ya mvuvi si ngeni.

Hatusemi kwamba wahenga walikosea. Mwenye majirani na awaite, kwani kazi ya wengi ni nyepesi na ina furaha. Tunasema tu kwamba mtoto afundishwe harambee na afundishwe wenzo pia, maana iko siku ataita na hapatakuwa na wa kumwitikia. Siku hiyo mashua itakuwa nzito vile vile, na watakaoila riziki yake watakuwa nyumbani wakimngojea.