Mageuzi ya kumbukumbu za afya, Pemba
Ni kuhama kwa taarifa za wagonjwa na huduma kutoka rejista za karatasi kwenda mifumo ya kompyuta katika hospitali na vituo vya afya vya wilaya nne za Pemba: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Mageuzi haya yako chini ya Wizara ya Afya ya Zanzibar, kwa kuwa afya si jambo la Muungano.

Yalianza miaka ya 2000, Zanzibar ilipopokea DHIS, programu huria ya takwimu za afya inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake. Kompyuta zilikuwa sehemu nyepesi ya kazi. Kila mpango, uwe wa malaria, chanjo au ukimwi, ulikuwa na fomu zake, na kuziunganisha kulitaka wakuu wa mipango wakubali kuachia takwimu walizozoea kudai. Lililosaidia mno ni warsha za kila robo mwaka: timu za wilaya ziliwasilisha takwimu zao wenyewe, na wenzao wakazihoji waziwazi. Makosa yaligunduliwa na walioyaandika, na fomu zikapunguzwa kutokana na hoja zao. Umiliki huo wa takwimu una thamani zaidi kuliko programu yoyote.

Baadaye mifumo hiyo ilivuka vituo vya afya na kufika majumbani. Mpango wa Jamii ni Afya, unaoendeshwa na Wizara pamoja na shirika la D-tree, ulienea Zanzibar nzima mwaka 2021. Wahudumu wa afya wa kujitolea hutumia simu zinazowaongoza hatua kwa hatua wanapowatembelea wajawazito na watoto wadogo majumbani.