Mkimbizi na Haki ya Kusema: Somo kutoka Kampala



Kila tunapoadhimisha Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, swali moja hurudi mikutanoni: je, mkimbizi ana haki ya kusema? Wapo wanaojibu kwamba mgeni hana budi kunyamaza. Sisi walimu tumeona vema kujibu kwa historia ya Kampala, mji mkuu wa nchi iliyotupokea.

Mwaka 1961 Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, alianzisha jarida la Transition, ambamo Waafrika walijadiliana waziwazi. Oktoba 1968 serikali ya Rais Milton Obote ilimkamata pamoja na mbunge Abu Mayanja, kwa sababu ya barua ya Mayanja iliyogusa katiba na uteuzi wa majaji Waafrika. Walishtakiwa kwa uchochezi. Mapema mwaka 1969 mahakama iliwaona hawana hatia, lakini walirudishwa kizuizini kwa sheria za hali ya hatari. Neogy aliachiliwa mwaka huo huo, kisha akaihama nchi. Mwaka 1971 jarida likaanza upya Ghana. Hata gazeti laweza kuwa mkimbizi.

Chini ya Idi Amin, mahakama yenyewe haikusalimika. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, Kampala, akauawa.

Katiba ya 1995 ilitaka kuzuia mambo hayo yasirudi. Ibara ya 29 inampa uhuru wa kusema “kila mtu”, si raia peke yake. Ibara ya 43 inaweka mipaka: haki za wengine na maslahi ya umma. Mwaka 1997 waandishi wawili wa gazeti la Monitor, Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, walishtakiwa kwa habari za uongo, kutokana na habari iliyohusu dhahabu ya Kongo. Februari 2004 Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikaifuta ile ya uchochezi, aina ya shtaka lililompata Neogy.

Sisi wakimbizi tuna mipaka zaidi. Mkataba wa OAU wa 1969 unakataza wakimbizi kushambulia nchi yoyote mwanachama, hata kwa magazeti na redio. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatukataza kushiriki siasa humu nchini. Tusiidharau mipaka hiyo. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda ilichochea mauaji, na wengi wetu tunajua matunda ya maneno ya namna hiyo.

Lakini mpaka si ukuta wa kuzunguka kila neno. Kuuliza kwa nini mgao umepungua si siasa. Kuitaka kamati yetu isome hesabu mbele ya watu si uchochezi. Mama anayelalamikia kisima kilichoharibika hajavunja sheria, na anayemtisha kwa sababu hiyo ndiye anayekosea.

Kwa hiyo tunawaomba wanakamati na wafanyakazi wa mashirika: mtu akisema, kwanza asikilizwe. Tukiona amevuka mpaka, tumwonyeshe sheria yenyewe, si hasira zetu. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.