Gunia Mgongoni mwa Khalifa

Hebu turudi Madina, zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliyetawala mwaka 13 hadi 23 Hijria. Amepokea Aslam, mtumishi wake, kwamba usiku mmoja wa baridi waliona moto nje ya mji. Wakamkuta mama na watoto wanalia njaa. Sufuria iko motoni, ndani maji matupu, ya kuwatuliza mpaka walale. Mama akamlaumu Umar, wala hakujua anaongea naye.

Umar hakujitetea. Alirudi mbio ghala la unga, akajitwika gunia. Aslam akataka kumpokea, akakataa: mzigo wake wa Kiyama nani atambebea? Akapika mwenyewe, moshi ukipita ndevuni, na hakuondoka mpaka watoto wameshiba, wanacheza.

Huyu ndiye khalifa aliyeanzisha diwani, daftari la mgao. Lakini sufuria ile ya maji hakuiona daftarini, aliiona kwa kwenda.

Basi vijana wenzangu, Ramadhani hii tusikae tu msikitini na orodha ya futari. Tukapige hodi. Mwenye haya haji kuomba. Allah atutakabalie, Amin.