Uvimbe wa Taya kwa Watoto: Kutoka Mulago Hadi Protini ya MYC

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa usioonekana kila siku, lakini ukibisha hodi hauna subira. Ni saratani ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt. Nimeuchagua kwa sababu huanza kama jino bovu, na mama yeyote anaweza kudanganyika. Tena habari zake ziligunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki, na ni kwa watoto wetu dunia ilikojifunza jinsi seli moja ya mwili inavyoweza kuasi.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mmoja wa watoto, Hugh Trowell, alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame mtoto. Burkitt alikuwa Mzungu kutoka Ireland, mwenye jicho moja tu kwa sababu la pili alilipoteza akiwa mvulana. Mtoto yule alikuwa amevimba mataya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umepinda. Haikuwa jipu, kwa sababu jipu halikai pande nne kwa wakati mmoja. Burkitt hakujua ni nini.

Baada ya majuma machache alikuwa akizunguka wodi katika hospitali ya Jinja. Akatupa jicho nje ya dirisha, akamwona mama ameketi kwenye nyasi na mtoto wake, uso wa mtoto umevimba vile vile. Akatoka kwenda kumwangalia. Alipompapasa tumbo akakuta uvimbe mwingine ndani. Hapo ndipo alipojiambia kuwa mtoto mmoja anaweza kuwa ajabu, lakini watoto wawili ni ugonjwa. Alirudi Kampala akaanza kupekua madaftari ya hospitali, akakuta watoto wengine wengi, kila mmoja ameandikiwa jina lake la ugonjwa: huyu saratani ya taya, yule ya figo, yule ya jicho. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka 1958 aliandika habari hizo katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza.

Haki isemwe: wazazi wa Uganda waliujua ugonjwa huo kabla ya Burkitt kuzaliwa, kwa kuwa ndio waliowazika watoto. Hata daktari wa misheni Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameandika juu ya watoto waliovimba taya. Alichofanya Burkitt ni kuunganisha mambo.

Kisha akauliza swali ambalo sisi wauguzi wa vijijini hulipenda sana: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani? Alipewa pauni 25 za kuanzia. Akachapisha vikaratasi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hicho. Majibu yalipokuja, akaweka alama kwenye ramani. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa pauni 250, wakasafiri kuelekea kusini kwa majuma 10. Walikwenda karibu kilomita 16,000 na kutembelea hospitali zipatazo 60.

Walichokiona kitaeleweka upesi sana na mtu wa Taita. Watoto wa mabondeni na kando ya maziwa waliugua, na wa milimani hawakuugua. Karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari ugonjwa unapotea. Penye baridi unapotea, na penye ukame pia. Fikiria mwenyewe tofauti ya Voi na vilele vya Vuria. Ukitoka huku kwenye joto ukapanda Wundanyi na juu zaidi, unaacha nini nyuma? Unaacha mbu. Ramani ya Burkitt ilifanana na ramani ya mbu, na hapa Kenya ni vivyo hivyo: ugonjwa umeonekana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani, kuliko nyanda za juu za kati zenye baridi.

Kwanza wengi walidhani mbu hubeba kirusi cha saratani. Haikuwa hivyo. Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya waliosikiliza alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Wakapatana Burkitt awe anamtumia kwa ndege vipande vya uvimbe. Kwa miaka miwili hivi hakuna kilichopatikana. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester badala ya London. Kipande kilipofika kilikuwa kwenye maji yaliyogeuka kuwa machafu, na mtu mwingine angekitupa. Epstein akatazama kwanza, akaona kuwa ule uchafu ni seli hai zinazoelea. Kutoka hapo akaweza kukuza seli za namna hiyo kwenye chupa, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kirusi kipya kilichoitwa Epstein-Barr.

Hapa naomba mama usikilize vizuri, maana watu huogopa bure. Kirusi hiki hupitia mate, na karibu kila mtoto wa huku kwetu hukipata akiwa mdogo. Ukimtafunia mtoto chakula, au wakinywa kikombe kimoja, kinapita. Walio wengi hakiwafanyi lolote la maana. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa jirani ana uvimbe huu, usimkataze wako kucheza naye, wala usimwambie mama yake kuwa alimlisha vibaya. Saratani yenyewe haiambukizi.

Ikiwa kirusi kiko kwa kila mtu, mbona wanaougua ni wachache, tena wa mabondeni? Tangu miaka ya 1960 wachunguzi waliinyoshea kidole malaria. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara hulazimisha askari wa damu yake kuzaliana bila kupumzika. Wilaya ya Mara Kaskazini, Tanzania, watoto walipewa dawa ya klorokwini kuanzia mwaka 1977 na uvimbe huu ukapungua, ingawa ulikuwa umeanza kushuka hata kabla ya dawa kutolewa, basi jaribio hilo peke yake halikumaliza ubishi. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja malaria, pale inapoenea sana, kuwa huenda husababisha saratani hii. (Wazee wa Taveta watakumbuka watu wa kupuliza dawa ukutani miaka ya 1955 hadi 1959. Ulikuwa mradi wa malaria wa Pare na Taveta. Haukuhusu saratani, lakini ulionyesha kuwa mbu hupungua nyumba zikipulizwa, na kwamba hurudi watu wakiacha.)

Sasa tuingie ndani ya seli yenyewe. Nchini Kenya, daktari Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta alikuwa akituma vipande vya uvimbe kutoka Nairobi hadi Stockholm, Sweden, kwa mtafiti George Klein. Huko mwaka 1972 mume na mke kutoka Bulgaria, Manolov na Manolova, walitazama seli hizo kwa darubini wakaona kromosomu namba 14 imeongezeka kipande. Kromosomu ni kama vitabu vya maagizo ya mwili, jozi 23 katika kila seli. Mwaka 1976 ikajulikana kipande hicho kilitoka wapi: kilikatika kutoka kromosomu namba 8. Mwaka 1982 wanasayansi wa Marekani wakaonyesha kilichokuwa kwenye kipande kile. Ni agizo la kutengeneza protini inayoitwa MYC, ambayo hutamkwa "mik". Jina lake, amini usiamini, lilitokana na kirusi cha saratani ya kuku.

Protini hii si adui. Wewe unayo, mimi ninayo. Waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge watanielewa nikisema ni nyapara. Asubuhi nyapara hupiga kengele, watu wanakwenda kazini, na kazi ikiisha kengele inanyamaza. MYC huiambia seli, "Haya, kua, jigawe." Kidonda kikitaka kuziba au damu mpya ikihitajika, nyapara anaita. Kisha protini hiyo huvunjwa upesi, nusu yake hutoweka kwa nusu saa hivi, na seli inapumzika.

Katika ugonjwa huu nyumba ya nyapara imehamishwa. Imewekwa kwenye kromosomu 14, pale pale penye mtambo wa kutengeneza silaha za damu dhidi ya magonjwa. Katika askari hao wa damu mtambo huo hauzimwi, kwa hiyo kengele inalia usiku na mchana. Malaria huongeza uwezekano wa kipande kukatika, kwa kuwa askari wanazaliana kwa haraka na maagizo yao yanakatwa na kuungwa kila mara. Nacho kirusi husaidia seli iliyoharibika isife kama ilivyopaswa. Mambo matatu yakikutana kwa seli moja tu, uvimbe unaanza. Si laana, si jicho la mtu, wala si kitu mama alichokula akiwa na mimba. Kipande hicho kilikatika ndani ya mtoto baada ya kuzaliwa, na hakirithiwi.

Ndiyo sababu uvimbe huu hukua haraka kuliko karibu saratani yoyote ya binadamu. Seli zake zinaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto wa miaka minne hadi kumi alikuwa anacheza juma lililopita, juma hili shavu limejaa. Mama anadhani ni jino au matumbwitumbwi. Jino linang'olewa, kidonda hakifungi, na jino la pili linalegea. Dawa ya kuua vijidudu inatolewa, inaisha, inatolewa nyingine. Kisha majirani wanasema apelekwe akachanjwe. Nimewaona walioletwa baada ya miezi miwili ya kuzungushwa namna hiyo, na kwa ugonjwa huu miezi miwili ni mingi mno.

Dalili nyingine ni jicho kutokeza nje, tumbo kuvimba na kuwa gumu, au miguu kukosa nguvu ghafla na mkojo kuzuia. Miguu ikikosa nguvu usingoje asubuhi.

Habari njema nayo ilitoka kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Burkitt kule Kampala na Clifford kule Nairobi walijaribu dawa za saratani zilizokuwa ngeni wakati huo. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na watoto wengine walipona kwa dozi chache sana. Mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha matibabu ya ugonjwa huu, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dawa hushika kwa sababu ile ile inayotuogopesha: hushambulia seli zinazojigawa, na hizi hazipumziki. Nchi tajiri leo watoto kama 9 kati ya 10 hupona. Kwetu ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni mbili: kufika tumechelewa, na kuacha dozi katikati.

Hii ya pili ndiyo inayoniuma. Mtoto anapewa dozi ya kwanza, uso unarudi ulivyokuwa, anaomba uji. Mama ana watoto wengine nyumbani, mahindi yanaliwa na ndovu, nauli imekwisha. Anaona mtoto amepona, anaondoka wodini. Lakini seli chache zimebaki, hazionekani kwa macho, na kila moja ina kengele yake inayolia. Zikirudi huwa sugu zaidi. Kabla hujaondoka muulize daktari dozi ni ngapi kwa jumla na uandikiwe tarehe zote. Kama ni nauli, sema wazi kwa muuguzi au afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, usione haya, ili njia itafutwe ungali pale.

Ukiona shavu la mtoto limevimba na halishuki kwa juma moja, au meno yanalegea kabla ya wakati wake, mpeleke zahanati, na kutoka hapo uombe barua ya kwenda Hospitali ya Moi, Voi. Uliza swali hili kwa heshima: "Daktari, je, kipande cha uvimbe kinaweza kukatwa kikapimwe?" Hakuna njia nyingine ya kuujua kwa hakika. Ikithibitika, atapewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi kama ile ya Mombasa au Kenyatta. Beba kitabu chake cha kliniki na karatasi zote za dawa alizokwisha kupewa, hata zile za duka la dawa.