Beji ya Ludwig na Swali la Kuuza

Mwaka 1963 Ringo Starr, mpiga drams wa Beatles, aliingia katika duka la Drum City, mtaa wa Shaftesbury Avenue jijini London, pamoja na meneja wa bendi, Brian Epstein. Seti aliyokuwa akiipiga ilikuwa Premier, kazi ya Waingereza, na ilikuwa imechoka. Mwenye duka, Ivor Arbiter, alikuwa ameanza kuagiza ngoma za Ludwig kutoka Chicago. Kilichomnasa Ringo hakikuwa jina la kampuni. Ilikuwa rangi: kipande cha plastiki ya kuvalishia ngoma, chenye mawimbi meusi na ya kijivu, ambacho kiwanda kilikiita lulu nyeusi ya chaza. Akasema anaitaka hiyo.

Kwenye ngozi ya mbele ya ngoma kubwa Arbiter alitaka jina la Ludwig lionekane, na Epstein akataka jina la bendi yake. Arbiter akachukua karatasi akachora herufi B kubwa, na herufi T ambayo mguu wake unashuka chini ya nyingine. Mchoraji wa mabango akaipaka rangi, na kazi yote ikagharimu pauni 5. Tarehe 9 Februari 1964 Beatles wakapiga katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan huko New York, mbele ya watazamaji wapatao milioni 73. Jina la Ludwig lilikuwa pale juu ya jina la Beatles usiku ule, na kampuni haikulipia tangazo hilo hata senti moja.

Vijana wa Marekani wakavamia maduka ya ala za muziki. Kiwanda cha Ludwig katika barabara ya Damen, Chicago, kikawa kinafanya kazi usiku na mchana. Septemba mwaka huohuo, Beatles walipofika Chicago, William F. Ludwig wa pili, wa familia iliyomiliki kampuni, alimkabidhi Ringo ngoma ya snea iliyopakwa dhahabu kama shukrani.

Ninaieleza habari hiyo kwa sababu ndiyo chanzo cha swali linaloulizwa leo katika nyumba nyingi za Marekani na Ulaya. Ngoma zilizotoka kiwandani katika fukuto lile zina umri wa miaka 60 na zaidi. Wenyewe wamezeeka au wamefariki, na watoto wao wanafungua stoo na kukuta seti yenye vumbi na beji ya shaba. Wanauliza ni nini hiki, kina thamani gani, tuuze? Wengi huanza na swali la mwisho, na hapo ndipo mali hupotea.

Beji ndiyo ya kwanza kusomwa, lakini mtu asiisome bila kuijua historia ya kampuni yenyewe. Ndugu wawili, William na Theobald Ludwig, walianzisha kazi yao Chicago mwaka 1909, wakijulikana zaidi kwa kanyagio la ngoma kubwa lililokuwa jepesi kuliko mengine ya wakati ule. Mwishoni mwa miaka ya 1920 biashara ikauzwa kwa kampuni ya Conn, ambayo ilihamishia utengenezaji Elkhart, Indiana. William hakuvumilia kukaa chini ya wengine. Mwaka 1937 akaanza upya kwa herufi za jina lake, WFL, kwa kuwa jina la ukoo halikuwa lake tena kibiashara. Mwaka 1955 familia ikalinunua jina lile kutoka Conn. Kwa hiyo ngoma ya miaka ya 1940 yenye jina la Ludwig haikutengenezwa na akina Ludwig, na ile yenye WFL ndiyo waliyoitengeneza. Nimeona watu wakiidharau beji ya WFL wakidhani ni ya kampuni ndogo isiyojulikana, na inasikitisha.

Beji ambayo wanunuzi wengi huitafuta ilianza kutumika mwaka 1960: kipande cha shaba kilichopanuka juu na kupungua upana kuelekea chini. Mwanzoni haikuwa na namba. Namba zilianza kuonekana kati ya mwisho wa mwaka 1963 na mwanzo wa 1964. Hapa wapo wanaodanganyika, kwa sababu wanadhani namba ndogo maana yake ni ngoma ya zamani zaidi. Beji zilikuwa zikichotwa tu na kupigiliwa bila kufuata mpangilio, na ngoma tatu za seti moja zinaweza kuwa na namba zilizopishana sana. Namba hukupa kipindi. Haikupi siku.

Siku, ukibahatika, imo ndani. Toa ngozi kwa ufunguo wake, taratibu, skrubu moja baada ya nyingine, kisha mulika tochi kwenye ukuta wa ndani wa ngoma. Ngoma nyingi za Ludwig za miaka ya 1960 zina mhuri wa wino mwekundu wenye mwezi, siku na mwaka. Tazama na rangi ya mbao. Mwanzoni mwa muongo ule ndani palipakwa rangi nyeupe. Baadaye pakaachwa mbao ya mahogani chini ya vanishi, hadi karibu mwaka 1968. Angalia pia pete za mbao zilizogandishwa kwenye kingo za juu na chini, maana ngoma ya Ludwig ya wakati ule ilikuwa na tabaka tatu tu za mbao, na pete hizo ndizo zilizolishikilia umbo lake. Zikikosekana, uliza maswali zaidi.

Kisha fungua chuma kimoja cha kushikia skrubu na utazame plastiki iliyokuwa imefichwa chini yake. Hiyo haijaona jua. Kwenye seti ya lulu nyeupe utakuta weupe wa siku ilipotoka kiwandani, na kando yake manjano ya moshi wa sigara na miaka ya dirishani. Tofauti hiyo ni ushahidi mzuri kwamba vazi ni la asili. Matundu ya ziada yaliyotobolewa na mtu aliyetaka kufunga chuma cha kampuni nyingine hupunguza bei kuliko mikwaruzo yote, kwa sababu mkwaruzo ni umri wa ngoma lakini tundu halizibiki.

Mawimbi ya plastiki ya chaza yana faida nyingine: hakuna ngoma mbili zenye mchoro unaofanana, kama alama za vidole. Mtafiti Gary Astridge, aliyezichunguza seti za Ringo mwenyewe, ameweza kulinganisha michoro hiyo na picha za zamani. Ndivyo inavyowezekana kutenganisha seti ambazo kwa macho ya kawaida zinafanana. Seti iliyoonekana kwa Ed Sullivan, kwa mfano, si ile ya Drum City. Ringo alisafiri na snea, matoazi na ngozi ya mbele tu, na ngoma nyingine zikapatikana New York, za rangi ileile.

Vipimo navyo vina uzito katika bei. Kwa upande wa Ludwig, Ringo alianza na seti ndogo iliyoitwa Downbeat: ngoma kubwa ya inchi 20, na nyingine za inchi 12 na 14. Baadaye mwaka 1964 akahamia Super Classic yenye 22, 13 na 16. Vijana waliomwiga walinunua hiyo kubwa kwa wingi, kwa hiyo ipo kwa wingi hata leo. Mwenye seti ya kawaida ya mwaka 1966 ana chombo kizuri sana, lakini asidhani amekalia utajiri.

Utajiri ulikuwa wa seti moja. Desemba 2015 Ringo aliipeleka mnadani ile ya mwaka 1963, na Jim Irsay, aliyekuwa mmiliki wa timu ya Indianapolis Colts, akainunua kwa zaidi ya dola milioni 2. Sehemu ya mapato ilikwenda kwa mfuko wa hisani wa Ringo na mkewe. Wiki chache kabla, Irsay alikuwa amenunua ile ngozi ya mbele ya usiku wa Ed Sullivan kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Bei ile ililipa historia iliyothibitishwa kwa picha na nyaraka, wala haisemi chochote kuhusu Ludwig iliyo stoo kwa mtu mwingine.

Je, uuze? Swali la kwanza ni kama ni yako. Kwetu hili lina uzito wake. Bendi nyingi za dansi za Tanzania zilikuwa za taasisi, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, si ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, imebadilishwa jina mara kadhaa hadi kuwa Msondo Ngoma. Anayekuta drams za zamani kwa marehemu mpiga drams, au katika ghala la ukumbi, aulize kwanza waliopiga na waliomiliki, kabla ya mnunuzi kufika.

Swali la pili ni kama imekamilika. Wafanyabiashara hupenda kuichambua seti na kuiuza kipande kimoja kimoja, kwa kuwa snea peke yake hupata mteja haraka. Jumla ya vipande inaweza kuwa kubwa kidogo, lakini seti iliyokaa pamoja miaka 60 ikishatawanywa hairudi. Mimi nasema iuzwe nzima, au isiuzwe.

Usiing'arishe kabla ya kuipiga picha. Usitupe ngozi za zamani, stendi zilizopinda, risiti, wala mabegi. Yupo atakayekuambia uipake vanishi mpya ili ivutie, usimsikilize.

Na kama nyumbani yupo anayeweza kuipiga, iache ipigwe, kwa ngozi mpya na zile za zamani zikiwa zimehifadhiwa. Kama hayupo, mtafute mpigaji kabla ya muuza vya kale. Mwonyeshe mhuri, mwonyeshe tundu kama lipo, kisha mpatane bei mbele ya ngoma, akiwa ameshazipiga.