Vilima vya Barafu Majini: Jina na Elimu ya Joto

Mnamo miaka ya 1760, huko Glasgow, Joseph Black aliwafundisha wanafunzi wake kwamba wingi wa joto na ukali wa joto ni mambo mawili. Vitu viwili vya uzito mmoja vyaweza kupewa joto sawasawa, kimoja kikawa cha moto na cha pili vuguvugu tu. Tofauti hiyo hutokana na uwezo wa kuchukua joto. Maji yana uwezo mkubwa: gramu moja hutaka juli 4.18 hivi ipate kupanda digrii moja ya sentigredi.

Ajabu ilionekana wanakemia walipopima vitu vilivyoyeyushwa majini. Molekuli ya etha ina oksijeni, ipendayo maji, nayo imeshikwa pande mbili na kaboni na haidrojeni, zisizopatana nayo. Ikiyeyushwa majini, uwezo wa kuchukua joto huzidi ule uliotazamiwa. Mwaka 1935 John Edsall alionyesha, kwa vitu vingi vya kaboni, kwamba ziada hiyo hufuatana na sehemu zisizopatana na maji. Tena, maji yakitiwa alkoholi nyingi ziada hupungua. Basi chanzo chake kimo katika maji yenyewe.

Mwaka 1945 Henry Frank na Marjorie Evans walieleza kwamba molekuli za maji hujipanga vizuri zaidi kumzunguka mgeni huyo, na joto la ziada hutumika kuubomoa mpango huo. Wakauita, kwa mfano tu, vilima vya barafu. Mfano ulipendeza, ukaenea. Lakini wasomaji wengi wakasahau kuwa ni mfano, wakadhani mna barafu ya kweli.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1959 Walter Kauzmann alieleza mkunjo wa protini kwa kutaja kifungo cha sehemu zikimbiazo maji. Mwaka 1968 Joel Hildebrand akalipinga jina hilo, kwa kuwa hakuona kifungo chochote cha pekee baina ya sehemu hizo.

Hapo hapana aliyekana vipimo; kilichobishaniwa ni jina. Mtunga istilahi za Kiswahili ana jambo la kuangalia. Akihamisha "barafu" bila kusema kuwa ni mfano, mwanafunzi atarithi kosa la watu wengine katika lugha yake mwenyewe, wala hatajua lilikotoka.