Hamira yenye jina la kwetu

Wandugu, mnajua kama neno "pombe" liko ndani ya vitabu vya biolojia dunia nzima? Mwaka 1893, Paul Lindner, mtaalamu wa bia kule Berlin, aliandika juu ya hamira mpya iliyopatikana ndani ya pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Jina la Lindner tunalijua. La mtu aliyepika ile pombe, hapana.

Hamira ya mkate inazaa kwa kutoa chipukizi pembeni, sawa mgomba. Hii ya pombe inarefuka, kisha inajikata katikati. Juu ya hiyo tabia, Murdoch Mitchison wa Edinburgh aliichagua miaka ya 1950 ili apime vile seli inakua. Urs Leupold, kule Uswisi, alishaanza kuchunguza urithi wake. Paul Nurse alipita kwa wote wawili. Mwaka 1987, yeye na Melanie Lee walionyesha kama jeni ya mtu inaweza kuponya hamira iliyoshindwa kujigawa. Mwaka 2001 Nurse alipata Nobel, pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Na kufa je? Mwili wetu unaua seli zake kila siku, kwa mpango. Mtoto akiwa tumboni, vidole vyake vinaachana sababu seli za katikati zinakufa. Mwaka 1972, Kerr, Wyllie na Currie waliita kifo hicho apoptosi. Seli ikikataa kufa wakati wake, kansa inaweza kuanza.

Ndani ya mwili wa mtu, protini za hiyo kazi ziko nyingi, zinachanganya kichwa. Hamira haina Bax wala Bak, zile protini zinazoua seli zetu. Basi watafiti waliingiza jeni zake ndani ya hamira ya pombe, na mwaka 1997 wakatangaza matokeo: hamira ilikufa. Wakiongeza Bcl-xL, protini inayolinda, iliishi. Ni kama kujaribu mbegu ndani ya shamba safi: kinachoota unajua umekipanda wewe.

Mwaka ule ule, Frank Madeo na wenzake walionyesha hamira ya mkate inayokufa na alama za apoptosi, bila kuingiziwa jeni ya mtu. Mabishano yakaanza. Kiumbe cha seli moja kinajiua kwa faida ya nani? Wengine wanasema wanaokufa wanaachia ndugu zao chakula. Wengine wanasema ile ni kuharibika tu, siyo mpango. Mpaka leo hawajapatana.

Sasa tusijidanganye. Tukisema "Nobel ilitoka kwenye chungu chetu", si kweli kabisa. Hamira aliyotumia Leupold ilitoka kwenye maji ya zabibu ya Ulaya, miaka ya 1920, na yeye aliikuta imehifadhiwa Delft, Uholanzi. Kwetu lilitoka jina. Kule kulikuwa watu wa kuhifadhi, kuandika, na kuachia wanafunzi wao kazi iendelee. Njo hiyo ilileta Nobel.

Kasiksi inachacha kila wiki hapa Bunia. Nani kati yetu ameandika ni hamira gani ziko ndani, na zinakufa siku ya ngapi? Mwanzo wake hauombi mashine kubwa: mikroskopi ya kawaida na bluu ya methilini. Seli iliyokufa inakuwa ya bluu, iliyo hai inabaki nyeupe. Unahesabu leo, unahesabu kesho, unaandika kwenye kayé. Kwa kuingiza jeni, hapo kweli tutahitaji wengine. Lakini kuhesabu na kuhifadhi tunaweza.

Wanafunzi mnaotafuta mada ya memwari, hii hapa iko wazi. Na mkimaliza, msiache ile kayé ioze kwenye kabati. Mwachieni anayewafuata.